Mtu Nyuma ya Mlango

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa watu wawili ambao lugha nyingi huwatenga: yule anayekaribishwa akatandikiwa jamvi, na yule asiyejulikana atokako wala aendako. Neno lenyewe halihukumu. Anayehukumu ni mwenye nyumba, naye aghalabu huhukumu kwa kusikiliza: abishaye hodi huulizwa ni nani, na jina likishatajwa nusu ya ugeni imekwisha. Lakini yuko mgeni wa tatu, asiyebisha hodi wala kutaja jina, aishiye katika fikira za mwenye nyumba kabla ya kufika mlangoni, na pengine hafiki kamwe. Huyo ndiye aliyetajwa kila siku, bila kuwapo, katika kesi ya Pretoria iliyofuatiliwa na ulimwengu mwaka 2014. Kesi ile ina mengi ya kumfikirisha mpenda lugha, kwani baada ya mashahidi, vipimo na vilio vyote, mwishowe iliamuliwa kwa neno moja.

Matukio yenyewe yanajulikana, na yatosha kuyakumbusha kwa ufupi. Baada ya saa tisa za usiku kuamkia tarehe 14 Februari 2013, katika mtaa wa Silver Woods uliozungushiwa ukuta na kuwekewa walinzi, mwenye nyumba alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliokuwa umefungwa. Jina lake Oscar Pistorius, mwanariadha wa miaka 26, aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti angali mtoto wa miezi 11, na ambaye miezi michache kabla alikuwa amekimbia katika Michezo ya Olimpiki ya London bega kwa bega na wenye miguu yao. Ndani ya choo alikuwamo Reeva Steenkamp, mwanamitindo wa miaka 29 na mhitimu wa sheria, mpenzi wake, aliyelala nyumbani humo usiku ule. Risasi zilimpata nyongani, mkononi na kichwani.

Mshitakiwa hakukana kwamba yeye ndiye aliyefyatua. Alichokana ni kujua. Alisema aliamka usiku, akaingiza ndani feni zilizokuwa kwenye roshani, na wakati huo akasikia dirisha la bafuni likifunguliwa. Akaamini kwamba mtu ameingia. Akaichukua bastola chini ya kitanda, akaenda gizani kwa vigutu vyake, bila miguu ya bandia, akipiga kelele kumwamuru huyo mtu atoke na kumwambia Reeva awapigie polisi simu. Akasikia sauti chooni, akafyatua. Aliporudi kitandani akakuta patupu, ndipo fahamu zilipomjia. Akavaa miguu yake, akauvunja mlango kwa gongo la kriketi. Upande wa mashtaka ulisimulia kisa kingine: kwamba wawili hao waligombana, mwanamke akakimbilia chooni na kujifungia, na aliyempiga risasi alijua fika anampiga nani. Majirani walisema walisikia mayowe ya mwanamke. Utetezi ulijibu kwamba mayowe yalikuwa ya mwanamume ambaye hofu ilikuwa imeipandisha sauti yake.

Kesi ilianza tarehe 3 Machi 2014 mbele ya Jaji Thokozile Masipa, mwanamke mweusi wa pili kuteuliwa katika Mahakama Kuu ya Afrika Kusini, ambaye kabla ya sheria alikuwa mwandishi wa habari za uhalifu. Nchi ile iliuondoa mwaka 1969 utaratibu wa raia kuketi mahakamani na kuamua hatia. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa mikononi mwa jaji na washauri wake wawili. Televisheni ziliruhusiwa kuonyesha shauri, na watu walioketi sebuleni kwao, mbali na Pretoria, wakazoea nyuso za mawakili kama wazoeavyo nyuso za waigizaji. Mlango wenyewe uling'olewa nyumbani ukaletwa mahakamani, ukasimamishwa na matundu yake manne kama shahidi ambaye hana haja ya kuapishwa.

Siku ya kwanza kabisa ilionyesha jinsi roho za watu zinavyoweza kuning'inia kwenye lugha. Shahidi wa kwanza, jirani, alianza kusema kwa Kiafrikana, na mkalimani akawa anageuza kwa Kiingereza. Tafsiri ikapwaya. Shahidi akasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine yakiwa na uzito usio wake, akayasahihisha, na hatimaye akaona heri aseme Kiingereza mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuvusha shairi kutoka lugha hadi lugha ataielewa hofu ya shahidi yule. Mayowe ni mayowe katika kila lugha, lakini mahakama haiyasikii mayowe. Husikia neno linalosimama badala yake.

Na katika maneno yote yaliyotumika ukumbini mle, hakuna lililorudiwa kama lile la Kiingereza la mtu ajipenyezaye mahali asipotakiwa. Kwa Kiswahili labda tungesema mvamizi, ingawa mvamizi ana kishindo, ilhali yule wa Kiingereza hunyata. Mshitakiwa alimtaja, wakili wake akamtaja, na magazeti yakamtaja, hata ikawa kana kwamba ni mtu mwenye kimo na sura. Sura hiyo ilikuwa ya nani? Mwandishi wa riwaya Margie Orford, raia wa nchi hiyo hiyo, aliandika kesi ilipoanza kwamba kiini cha utetezi kilikuwa ni mgeni mweusi wa kufikirika, yule ambaye Waafrika Kusini wengi weupe wamefundishwa kumwogopa tangu utotoni. Hakuhitaji kuelezwa rangi yake. Kuta, nyaya za umeme, mbwa na walinzi vyote vilikuwa vimekwisha mwelezea.

Si haki kusema kwamba hofu ile haina chanzo. Afrika Kusini imeumizwa na uhalifu, na mtu asiye na miguu, aliye gizani, ana sababu za kuogopa ambazo mwenye miguu hazijui. Hata majaji waliomhukumu baadaye walilikubali hilo. Ila hofu ni kitu kimoja, na ruhusa ni kitu kingine. Mwaka 2004, katika nchi hiyo hiyo, mchezaji wa zamani wa raga alisikia gari likiondoka alfajiri nyumbani kwake, akadhani ni mwizi, akafyatua risasi. Akamuua bintiye wa miaka 19. Waendesha mashtaka hawakumpeleka mahakamani, kwa kuwa msiba wake ulionekana kuwa adhabu tosha. Hakuna mwenye moyo ambaye hatamlilia baba yule. Lakini huruma hiyo huficha swali ambalo halikuulizwa kwa sauti: je, kama angekuwa kweli ni mwizi wa gari, kijana wa mtu mwingine, msiba ungekuwa wapi?

Swali hilo ndilo lililolala chini ya kesi ya Pretoria. Ulimwengu mzima uligawanyika juu ya jambo moja: alijua ni Reeva, au hakujua? Ikiwa alijua, ni muuaji. Ikiwa hakujua, ni mtu wa kuhurumiwa. Mgawanyiko huo ulionekana wa haki, kumbe ulikuwa umekwisha kutoa hukumu yake ya kimyakimya: kwamba yule mwingine, wa kufikirika, damu yake haina thamani. Watu wema waliojadiliana usiku kucha kuhusu feni, mapazia na mwanga hawakutambua kwamba walikuwa wameafikiana tangu mwanzo juu ya kifo cha mtu wasiyemjua.

Ushahidi mmoja, ambao haukuzungumzwa sana mitaani, uliligusa jambo hili kwa karibu. Sheria ya silaha ya Afrika Kusini humtaka anayeomba kumiliki bunduki afanye mtihani. Pistorius alikuwa ameufanya, na majibu yake yakasomwa mahakamani. Aliulizwa ni wakati gani mtu anaruhusiwa kumpiga risasi aliyeingia nyumbani, akajibu sawasawa: si kwa sababu ya mali, ila pale tu maisha yanapokabiliwa na hatari. Alijua pia kanuni ya kila mlenga shabaha, kwamba anayefyatua sharti alijue lengo lake na kilicho nyuma yake. Usiku ule lengo lilikuwa ubao. Kilicho nyuma yake hakukijua, au alikijua vizuri kupita kiasi. Na kwa vyovyote viwili alifyatua mara nne.

Tarehe 11 na 12 Septemba 2014 Jaji Masipa alisoma hukumu yake. Alisema upande wa mashtaka haukuthibitisha pasi na shaka kwamba mshitakiwa alijua ni Reeva. Ujumbe wa simu ambao Reeva alimwandikia wiki chache kabla ya kifo, akisema kwamba wakati mwingine anamwogopa, haukumshawishi jaji. Mapenzi, alieleza, hubadilikabadilika. Kisha akauliza kama mshitakiwa aliona kwamba angeweza kumuua marehemu au mtu mwingine yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango, akajibu kwamba hakuona, kwa sababu aliamini marehemu yuko kitandani. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, na mwezi uliofuata akamfunga miaka mitano.

Msomaji atazame jibu lile kwa makini. Swali lilihusu Reeva au mtu mwingine yeyote. Jibu lilimhusu Reeva peke yake. Yule mwingine yeyote aliingia katika sentensi, kisha akatoka bila kuonekana.

Hapa pana istilahi ya Kilatini iliyotajwa sana wakati huo, dolus eventualis, na ni kazi ya mtafsiri kuitafutia makao. Kiswahili cha sheria kina kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, kama vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Istilahi hii imesimama juu ya ukuta. Inamhusu mtu ambaye hakuwa na lengo la kuua, ila alitambua ndani ya nafsi yake kwamba kitendo chake chaweza kuleta kifo, akakubaliana na uwezekano huo, akaendelea. Katika sheria ya Afrika Kusini mtu huyo ni muuaji wa kukusudia sawa na aliyepanga. Wanasheria wanaweza kuandika ukurasa mzima kuieleza hali hiyo. Wazee wa Kiswahili waliisema kwa maneno matatu: liwalo na liwe.

Methali hiyo huzoeleka kwa ushujaa. Huisema nahodha anapoikabili tufani, au mpenzi anapoamua kufichua siri yake. Lakini ina uso mwingine. Asemaye liwalo na liwe amekwisha kuliona hilo liwalo. Hawezi kudai baadaye kwamba halikumpitia akilini. Anayejitupa mwenyewe baharini kwa neno hilo ni shujaa au ni mjinga. Anayemtupa mwenzake kwa neno hilo hilo ana jina jingine.

Serikali ilikata rufaa juu ya hoja za kisheria, na tarehe 3 Desemba 2015 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Rufaa, Bloemfontein, wakatoa uamuzi kwa kauli moja. Hukumu, iliyoandikwa na Jaji Eric Leach, ilianza kwa kukiita kisa kile msiba wa kibinadamu wenye ukubwa wa misiba ya Shakespeare. Ni nadra jaji kumtaja mshairi kwenye mstari wa kwanza, na wengine wangeridhika kuishia hapo: kijana aliyeshinda ulemavu, msichana mzuri, siku ya wapendanao, kifo. Lakini hukumu haikukaa katika ushairi. Iligeuka mara moja kwenye swali, ikalirekebisha. Jambo la kuulizwa, ilisema, halikuwa kama mshitakiwa aliona kwamba Reeva angeweza kuwa chooni. Jambo ni kama aliona kwamba kulikuwa na mtu nyuma ya mlango ambaye angeweza kufa kwa kitendo chake. Ategaye bomu mahali pa hadhara hawajui watakaouawa, na hatia yake haipungui kwa kutowajua.

Likishaulizwa hivyo, swali lilijijibu. Choo kilikuwa kidogo, hakina pa kukimbilia. Silaha ilikuwa nzito, aliyeishika amefunzwa, risasi ni nne. Mshitakiwa hakupiga hata risasi moja ya kuonya. Yeye mwenyewe alikuwa amekiri kwamba aliamini ndani yumo mtu. Huo ndio uliokuwa utetezi wake wote. Utetezi ule ukawa ndio hatia. Mahakama ikaifuta hukumu ya kuua bila kukusudia, ikaandika kuua kwa kukusudia, na ikasema wazi kwamba aliyekuwa nyuma ya mlango ni nani haiathiri hatia.

Mtu: ndilo neno lililoiamua kesi. Majaji waliandika kwa Kiingereza, lakini nchi yao ina neno hilo katika lugha zake nyingi, na msomaji wa Kiswahili halihitaji kutafsiriwa. Mzulu husema umuntu, Mtswana husema motho, Mswahili husema mtu, na shina ni moja. Kutoka shina hilo umetoka utu wetu na ubuntu wao. Ubuntu umo katika katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya mwaka 1993, na mwaka 1995, Mahakama ya Katiba ilipofuta adhabu ya kifo, baadhi ya majaji waliegemea juu yake: kwamba hata muuaji hakomi kuwa mtu. Wazulu wana usemi mrefu kwamba mtu huwa mtu kwa watu. Sisi tumeufupisha zaidi: mtu ni watu. Miaka ishirini baada ya hukumu ile ya mwaka 1995, Bloemfontein ikauhitimisha mzunguko: kama muuaji hakomi kuwa mtu, basi na mgeni wa usiku, hata akiwa amekuja kuiba, hakomi kuwa mtu.

Yaweza kudhaniwa kwamba uamuzi huo ulimsahau Reeva, kwa kuwa ulisema jina la aliyekufa si hoja. Ukweli ni kinyume. Mradi kesi ilitegemea kama mwenye nyumba alijua jina lake, uhai wake ulikuwa umewekwa mikononi mwa mwenye nyumba mara ya pili: usemi wa huyo ndio uliouamulia thamani. Mahakama ya rufaa iliuondoa mikononi mwake. Reeva hakuwa na haja ya kutambuliwa na aliyemuua ili kifo chake kiwe mauaji. Ilitosha kwamba alikuwapo, anapumua, ndani ya chumba kidogo kilichofungwa.

Naye alikuwa zaidi ya kuwapo. Mapema mwezi ule ule, msichana wa miaka 17 alibakwa na kuuawa katika mji wa Bredasdorp, na Reeva akaomboleza hadharani. Siku ile aliyokufa alitazamiwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya Johannesburg juu ya ukatili majumbani na kujiheshimu. Hotuba hiyo haikusomwa. Alikuwa ameandaa pia zawadi ya siku ya wapendanao kwa mwenye nyumba.

Yaliyofuata ni hesabu za miaka. Mwezi Julai 2016 Jaji Masipa alimpa mshitakiwa miaka sita. Serikali ikarudi Bloemfontein, na Novemba 2017 ikawa miaka 13 na miezi 5. Tarehe 5 Januari 2024 aliachiliwa kwa masharti, muda wake ukiendelea hadi mwaka 2029. Barry Steenkamp, baba wa marehemu, aliyekubali kukutana uso kwa uso na mfungwa mwaka 2022, alikuwa amekwisha kufariki, Septemba 2023. Mama, June Steenkamp, alisema siku ya kuachiliwa kwamba hakuna haki inayomrudisha mpendwa, na kwamba waliobaki ndio wanaotumikia kifungo cha maisha.

Kuna nyumba nyingi duniani ambamo usiku huu mtu amelala na silaha chini ya kitanda, akimngoja yule mgeni wa tatu. Huko nje nako wamo watu wa kila namna: mwizi kweli, mlevi aliyepotea njia, jirani aombaye msaada, mtoto wa nyumba aliyechelewa kurudi. Sheria haimtaki mwenye nyumba awapende, wala awafungulie. Inamtaka jambo moja dogo, ambalo kila anayeitikia hodi hulifanya bila kufundishwa: kabla ya lolote jingine, akubali kwamba upande wa pili wa ubao yuko mtu. Kwa maelezo yake mwenyewe, mwenye nyumba wa Silver Woods alilijua hilo. Alipaza sauti kumwamuru huyo mtu atoke, kisha akafyatua. Mvamizi hakupatikana nyumbani mle, wala hakuwahi kuwamo. Aliyekuwamo aliagwa Port Elizabeth tarehe 19 Februari 2013, na waliofika kumuaga walimjua kwa jina.